Asali Iliyokataa

Juma lililopita vijana wa vyuma chakavu walikuja hapa kwangu na mkokoteni. Niliwaita mwenyewe waje wachukue ile friji kuukuu ya baba, ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiwekea ndani yake mbegu za pojo na kunde, kwa sababu panya wa huku wana meno lakini hawana meno ya kutoboa bati. Walipofungua mlango ikanijia harufu. Haikuwa ya pojo. Ilikuwa ya mafuta ya taa, na chini ya mafuta ya taa, mbali kabisa, kulikuwa na utamu kama wa nta. Nikatafuta kiti nikakaa. Mmoja wao akaikumbatia ile friji, akavuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni, halafu akaiachia na kujipangusa mikono kwenye suruali.

"Susu," akaniambia, maana huku kwetu kila bibi kizee ni susu wa mtu, "imekataa."

Nikacheka. Nilicheka mpaka wakaanza kutazamana, nadhani waliona mzee ameanza kupotea njia. Mambo haya huwezi kuwaeleza watoto wa watu wamesimama juani. Lakini nyinyi wa rika langu, nyinyi mliolamba barafu ya kwanza mkadhani imewachoma, hebu kaeni.

Baba alikuwa na duka Tawa, pale juu ya soko, duka la sukari, chumvi, misumari na asali ya chupa. Umeme hatukuwa nao, wala hatukuuota. Sasa kulikuwa na hoteli moja Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, ambayo mwenyewe alikuwa anahama anauza vitu vyake, na baba akaenda akarudi na friji. Ilikuja juu ya lori la mchanga, imezungushiwa blanketi kama mgonjwa. Watu wakasimama kando ya njia. Mwingine akavua kofia.

Hiyo friji ilikuwa inatumia mafuta ya taa. Chini ilikuwa na tangi lenye utambi kama wa taa, na baba alikuwa analala kwa tumbo kila asubuhi, na shati lake la duka, anatumia kioo cha kunyolea kuangalia kama moto ni wa buluu. Ukiwa wa njano anaukemea, anapunguza utambi. Na juu ya huo moto, mkono mmoja hivi, barafu. Mpaka leo sijui ni kwa nini. Wajukuu wangu wamenieleza, mmoja na karatasi na kalamu, na mimi nikaitikia kwa kichwa ili akale chakula chake. Moto chini, barafu juu. Susu yangu mimi alisema kitu chenye jehanamu miguuni na baridi kichwani hakiwezi kukaa nyumba moja na Biblia. Pasta akaitwa aje aseme neno. Akapewa soda baridi, akainywa polepole macho yamefungwa, akaomba nyingine. Mjadala ukaishia hapo.

Shule mimi niliacha darasa la tatu. Nyumbani walisema ni macho, lakini macho yalikuwa mazima, ulikuwa uvivu. Kwa hiyo nilikuwa dukani siku nzima, na friji ikawa ndiyo shule yangu. Baba alinipa vikombe viwili vya bati na ruhusa ya kona moja ya kile kisanduku cha barafu, basi nikaanza kujaribu kila kitu kinachomiminika.

Maji yaliganda, hayo mnayajua, lakini nani alijua kwamba maji yakiganda yanavimba? Mimi niliweka chupa ya soda imejaa, nikaikuta imepasuka shingo, na soda imesimama peke yake bila chupa, nyekundu, kama mtu aliyetoka kuoga. Nilichapwa. Maziwa yaliganda yakawa na rangi mbili, juu nene na chini nyembamba. Chai iliganda. Mafuta ya kupikia yaligeuka meupe yakakaa kimya. Maji ya chumvi yalinisumbua, yalichelewa siku nzima na mwisho yakawa uji tu, hayakuwa barafu, hayakuwa maji. Halafu nikaweka mafuta ya taa kidogo. Yakakataa. Nikaweka ile spiriti mama aliyopewa dispensari ya kuoshea kidonda. Ikakataa kabisa, hata siku ya tatu ilikuwa inachezacheza kwenye kikombe kama inanicheka.

Mtoto akishaona vitu vingi anataka kuvipanga. Na mimi nilikuwa nimefundishwa sande skuli kwamba duniani kuna wanaokubali na wanaokataa. Basi nikaona wazi kama mchana. Maji, maziwa, chai, soda, vitu vya kunywa mtu akafurahi, vimekubali. Mafuta ya taa na spiriti, vitu vya kumuua mtu, vimekataa. Maji ya chumvi ni yule mkristo vuguvugu. Kitu kizuri huganda, kitu kibaya hukataa. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba wino ulipoganda nikaulamba, nikaenda kanisani Jumapili na ulimi wa buluu.

Hata huo ulimi haukunifundisha.

Nikamwambia baba. Kosa la baba lilikuwa kunipenda. Alikuwa amewahi kuuziwa samli ya uongo, iliyokataa kushikana hata asubuhi za baridi za mwezi wa saba, na hasira yake haikuwa imeisha. Akanisikiliza, akapiga meza kwa kiganja. Tangu siku hiyo kila mnunuzi aliambiwa, huyu Mumbua wangu amegundua, kitu cha kweli huganda, cha uongo hukataa. Watu waliokuja kununua chumvi walirudi nyumbani na chumvi na mafundisho.

Sasa dada yangu Mwikali. Mwikali alikuwa mkubwa wetu, mrefu, wa maneno machache, na alikuwa amependana na kijana anaitwa Mutinda kutoka Matinyani, upande wa Kitui. Walikutana kwenye mkutano wa vijana wa kanisa. Baba hakumpenda. Hakusema hampendi, alisema tu kwamba watu wa Kitui wanaongea kama wanaimba na hawajui kumaliza wimbo. Ukweli ni kwamba alitaka mkwe wa mshahara, mwalimu au karani, na Mutinda alikuwa na mizinga. Mizinga ya nyuki, juu ya miti, basi. Baba aliuliza mama kama binti yake atakuwa anapanda miti. Mama akasema yeye mwenyewe aliolewa na mtu wa misumari na hajawahi kugongelewa ukutani.

Lakini baba alikuwa mzee wa kanisa na hangeweza kumfukuza kijana aliyekuja kwa adabu. Wakapewa siku ya ntheo. Ntheo mnaijua, zile mbuzi tatu ambazo bila hizo Mkamba hajaoa, hata awe na watoto saba na cheti cha kanisa kwenye fremu. Pamoja na mbuzi huja uki. Kwa Kikamba uki ni asali na uki ni pombe, neno moja, na wazee wa zamani hawakujisumbua kuvitenganisha. Sisi wa kanisa tulitenganisha. Baba akatuma ujumbe, uki ule wa kulamba, usiwe ule wa kuimbia.

Walifika Ijumaa mchana. Mutinda, amevaa koti la kuazima, vijana wachache wa kwao wakiswaga mbuzi, na ami yake aliyemlea, Mzee Kimanzi, mtu mdogo mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Alikuwa na kikebe cha ugoro ambacho alikirudisha mfukoni alipoona macho ya baba. Wakaacha debe la asali kwetu, wakaenda kulala kwa jamaa yao pale sokoni, mazungumzo yawe Jumamosi.

Nani aliniambia niipime? Hakuna mtu. Nilichota kikombe cha bati kutoka kwa lile debe, nikakiweka kwenye kona yangu ya barafu, nikafunga mlango. Nilikuwa namtakia Mwikali mema. Nilitaka asali ya Mutinda igande, nimpelekee baba, baba aone kwamba huyu ni mtu wa kweli.

Jumamosi mchana wazee wamekaa uani, upande huu wetu, upande ule wao, mbuzi zimefungwa kwenye ua zinalia. Mazungumzo yalikwenda vizuri, wakafika pale ambapo msichana huulizwa. Mbuzi hazipokewi mpaka yeye aseme. Basi shangazi akatumwa jikoni amuulize Mwikali kama anamjua huyu kijana na kama amemkubali. Wanaume wakanyamaza wanangoja jibu.

Na mimi dukani nikafungua friji. Nikainamisha kikombe. Asali ilikuwa nzito, nzito sana, lakini ikasogea. Nikaichoma na kijiti, kikazama. Ilikuwa mle ndani tangu jana, na ilikuwa haijaganda.

Nikatoka mbio mpaka uani, machozi yananitoka, nikasema kwa Kikamba neno moja tu. "Niwalea."

Sasa hapo ndipo ubaya wa lugha yetu. Kwa Kiswahili ningesema imekataa na kila mtu angejua ni kitu. Kwa Kikamba, uki ukikataa ni niwalea, na msichana akikataa ni niwalea. Neno ni lile lile halina hata nywele ya tofauti. Na wazee wale walikuwa wanangoja jibu la msichana.

Mutinda alisimama. Akaanza kufunga vifungo vya lile koti la kuazima, kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kwenda mbali. Shangazi akatokea mlango wa jikoni na jibu lake mdomoni, akaona nyuso, akarudi ndani nalo.

"Nani amekataa?" baba akauliza.

"Asali," nikasema. "Imekataa kuganda."

Kuna mzee wa upande wetu aliyecheka, na Mutinda akakaa tena. Ikaonekana imeisha. Lakini mimi nilimwona baba akifikiri, na nikajua nimefanya nini. Alikuwa ameutangaza ule mtihani kwa soko zima la Tawa. Angeukana vipi mbele ya wageni? Tena nafikiri, Mungu amrehemu, hakutaka kuukana. Alikuwa amepata mlango wa kutokea.

Akasema kwa upole kwamba hataki ugomvi na mtu, ila kwake kitu cha kweli huganda na cha uongo hukataa, na nyumba inayoanza na asali ya uongo itaishia na nini. Akasema mtoto wake hajui kudanganya na friji pia haijui.

Vijana wa Matinyani wakaanza kunong'ona. Mzee Kimanzi akawanyamazisha kwa kidole, akaomba aone kikombe. Akakiinamisha. Asali ikasogea polepole, kama mzee anayeamka kitandani. Akachovya kidole, akalamba, akakaa nacho mdomoni kitambo.

"Mimi friji siijui," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza naiona. Asali ndiyo naijua kidogo. Baba Mwikali, wewe pia unauza asali hapo dukani?"

Baba akasema ndiyo, na watu wanaifuata kutoka mbali.

"Basi tia ya kwako kwenye kikombe kingine kama hiki. Viwekwe viwili pamoja. Kesho tukitoka kanisani tuvitoe. Ya kwangu ikiwa ndiyo mbaya, tunafungua mbuzi zetu tunaenda, hatutakuwa na maneno."

Baba akakubali haraka. Alichukua chupa ya rafu ya juu kabisa, akamimina mwenyewe.

Niliingia jikoni. Mwikali alikuwa anasugua sufuria iliyokuwa imeshatakata. Hakuinua uso. Akaniambia, "Mumbua, nilikubeba mgongoni mpaka ukajua kutembea. Ukinivunjia hii, sitakupiga. Sitakuita jina lako tena, basi." Aliendelea kusugua. Afadhali angenipiga.

Jumapili tulikwenda kanisani, wageni na wenyeji, benchi mbili zikifuatana. Pasta alihubiri habari za mioyo migumu na mimi sikuelewa, kwa sababu kwangu mimi ugumu ndio ulikuwa wokovu. Niliomba kama sijawahi kuomba. Nilisema, Bwana, igandishe asali ya Mutinda, iwe mawe, iwe kama ule mlima wa Nzaui. Nikamnong'onezea Mwikali naye aombe hivyo hivyo, na nikaona midomo yake inacheza. Tuliomba wote wawili kwa imani kubwa kitu ambacho kingetumaliza. Mpaka leo nikisikia mtu analalamika kwamba Mungu hakumjibu, namwambia ashukuru kwanza, aulize baadaye.

Tulipotoka, watu wote wakaja dukani, hata wasiohusika. Baba akafungua friji, akatoa vikombe viwili, akaviweka kwenye kaunta.

Cha Mzee Kimanzi, asali ilikuwa vile vile. Nzito, imekataa. Cha baba kilikuwa kimeganda. Akakigeuza juu chini, hakikutoka kitu. Akagonga na kijiko, kikalia. Baba akainua kikombe watu wakione, uso unang'aa, na mimi nikaanza kulia kwa sauti, kwa sababu nilijua mbuzi zinafunguliwa na jina langu limeisha.

Mzee Kimanzi hakuangalia vikombe. Alimwangalia baba, na akamsogelea karibu, akasema kwa sauti ndogo ambayo mimi niliisikia kwa vile nilikuwa nimeshika kaunta.

"Baba Mwikali. Asali haigandi. Kinachoganda ni maji."

Niliona uso wa baba ukizimika, kama ule moto wa buluu mafuta yakiisha. Maana yeye alijua. Hapo dukani ni yeye tu aliyejua, yeye na mama, kwamba miaka ile ya ukame asali ilipokuwa haba alianza kuiongezea maji ya moto yenye sukari, kidogo tu mwanzoni, kisha nyingi, halafu mvua ikarudi na mkono wake haukurudi. Nalisema hili wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilisema baadaye mbele ya kanisa. Lakini siku ile watu walikuwa wamejaa mlangoni wanauliza, ni nini, mzee amesema nini, nani ameshinda?

Na huyu Mzee Kimanzi, mtu wa ugoro, mtu wa Kitui anayeongea kama anaimba, alikuwa na neno hilo mkononi na angeweza kulitupa. Akachukua kikombe cha baba, akakipigapiga matako kwenye kaunta mpaka lile donge likachomoka, akalivunja kwa mpini wa kisu, akaanza kuwagawia watoto. Akasema kwa sauti kubwa kwamba asali ya Baba Mwikali imepikwa na baridi vizuri sana, watoto walambe kabla haijayeyuka. Tukalamba. Ilikuwa tamu, yenye chembechembe, inauma meno. Watu wakacheka, wakapanga watoto wao mstari. Kwa muda mfupi ushahidi wote ulikuwa tumboni mwetu.

Baba alisimama pale nyuma ya kaunta. Mama alikuwa mlangoni, akasema neno moja tu, "Sema." Baba akasafisha koo.

"Nilikosea kipimo," akasema. "Asali ya mgeni ni ya kweli kuliko yangu. Mwikali aulizwe."

Shangazi akageuka aende, lakini Mwikali alikuwa ameshasimama kwenye kizingiti cha jikoni na kitambaa cha vyombo begani. Kwa desturi hapaswi kujibu mwenyewe mbele ya wanaume. "Nilikubali tangu jana," akasema. "Mlinyamaza nyinyi." Halafu akaniangalia mimi. "Mumbua, njoo unisaidie kupakua."

Aliniita jina.

Zile chupa za rafu ya juu baba alizishusha jioni hiyo hiyo, na tangu hapo asali ya dukani ilitoka Matinyani kwa madebe. Ile friji ilifanya kazi mpaka umeme ulipofika, na kila debe likija baba aliweka kikombe, akangoja siku yake, akafungua, akatangaza kwa sauti ya furaha kama mtu aliyepata mtoto, "Imekataa!" Ikawa lugha ya nyumbani. Mchumba mzuri akija, tulisema imekataa. Mtoto akipita mtihani, imekataa. Baba alipokuwa mgonjwa siku zake za mwisho, daktari alikuja akapima akasema moyo bado uko imara, na baba kutoka kitandani akaniangalia akanong'ona lile neno, na daktari akadhani anakataa dawa.

Basi hao vijana wa mkokoteni walikuwa bado wamesimama wakiningoja nimalize kucheka. Nikatoa simu, nikampigia Mwikali kule Matinyani. Mutinda ndiye alishika, siku hizi hasikii, akapiga kelele halo halo kama anaita ng'ombe, mpaka dada akamnyang'anya. Nikamwambia vijana wamekuja kuchukua friji ya baba.

"Wameichukua?" akauliza haraka.

"Wamejaribu," nikasema. "Imekataa."

Hapo nikamsikia anacheka, vile vile tulivyocheka siku ile tukipakua, na nyuma yake Mutinda anauliza ni nini, ni nini.

"Basi iache," akasema.

Nikawachemshia vijana chai, nikawaambia waende na jembe langu moja lililovunjika. Pojo zangu nikazirudisha ndani, nikafunga mlango.